Somo: Jinsi ya kukagua ramani za maji ya mvua na maji taka kabla mradi wa nyumba haujajengwa

Somo hili ni la wajumbe wa kamati za mitaa, mafundi sanifu vijana na yeyote aliyeletewa ramani za mradi akaombwa maoni. Natumia mfano wa Dar es Salaam, jiji ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wakazi wa mabondeni. Maji yanayofurika bondeni huwa yametoka juu, kwenye mapaa, lami na ua zilizosakafiwa. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja: ukaguzi uanzie pale maji yanapotoka nje ya mradi, kisha urudi nyuma kuelekea nyumba. Wengi huanza na nyumba, wakifika mwisho wa mtaro wameshachoka.

Karatasi za kuomba

Omba ramani yenye mistari ya mwinuko wa ardhi, mchoro wa mitaro na mabomba, mchoro wa mkato unaoonyesha kina cha kila chemba, hesabu za mhandisi, na ripoti ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Ukipewa ramani ya viwanja peke yake, hata iwe na rangi za kupendeza, bado hujapewa kitu cha kukagua.

Hatua ya 1: Nenda ukaone mtaro unapoishia

Tafuta mshale wa mwisho kwenye mchoro. Mara nyingi pembeni yake pameandikwa "kwenye mtaro uliopo". Usiyaamini maneno hayo mpaka umefika mwenyewe. Je, mtaro upo kweli? Una upana gani? Umejaa mchanga na chupa? Na wenyewe unapeleka maji wapi? Fuata mpaka mtoni. Nimeona michoro ambayo "mtaro uliopo" ni njia ya miguu kati ya nyumba mbili, mvua ikinyesha ndiyo inageuka mkondo.

Kama maji yanaishia mtoni, angalia ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Angalia pia mdomo wa bomba: bila mawe au zege la kuvunja kasi, maji yatachimba ukingo, na udongo wa kichanga kama wa kingo za mto Mbezi haustahimili.

Hatua ya 2: Maji ya jirani wa juu

Soma mistari ya mwinuko. Kama ardhi iliyo juu ya mradi inateremkia ndani yake, maji hayo lazima yapewe njia. Ukuta wa mpaka ukijengwa bila kuyafikiria, utayazuia au utayaelekeza kwa mtu mwingine.

Hatua ya 3: Rudia hesabu mwenyewe

Zidisha eneo kwa hekta, kasi ya mvua kwa milimita kwa saa, na mgawo wa mtiririko. Kisha gawa kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Mgawo ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi: shamba lenye majani tuseme 0.3, eneo lililojengwa na kusakafiwa 0.7.

Chukua hekta 4 na mvua ya milimita 100 kwa saa. Kabla ya ujenzi: mita za ujazo 0.333, yaani lita 333 kwa sekunde. Baada ya ujenzi: lita 778. Mvua ni ile ile, wingu ni lile lile, lakini aliye chini anapokea zaidi ya maradufu. Mtazame sana mgawo uliotumika kwenye ripoti. Ukikuta mradi wenye barabara za lami na maegesho umepewa 0.4, muulize mhandisi ameutoa wapi.

Hatua ya 4: Bwawa la kupunguzia kasi

Mradi makini hushikilia maji ya ziada na kuyaachia polepole. Katika mfano wetu ziada ni lita 445 kwa sekunde. Mvua hiyo ikidumu nusu saa, ni kama mita za ujazo 800. Hayo ni makadirio ya haraka tu, ila yanatosha kukushtua ukikuta bwawa limechorwa mita 20 kwa 10, kina mita 1. Hizo ni mita za ujazo 200. Uliza pia bwawa likijaa maji yatapita wapi. Njia hiyo ya dharura lazima ichorwe, na isipite sebuleni kwa mtu.

Hatua ya 5: Maji taka, chemba kwa chemba

Hapa penseli na kikokotoo vinatosha. Kila chemba ina namba ya usawa wa sakafu ya bomba. Tuseme chemba ya 4 ni mita 34.20 na ya 5 ni mita 33.95, na umbali kati yake ni mita 60. Maelezo yanasema bomba la milimita 150 lina mteremko wa 1 kwa 150, yaani linashuka mita 1 kila mita 150. Piga hesabu: mita 60 kwa mteremko huo zinahitaji kushuka sentimita 40, lakini namba zinaonyesha sentimita 25 tu, yaani 1 kwa 240. Maandishi yanasema hili, namba zinasema lile, na fundi atajenga kwa namba. Maji yatakwenda taratibu mno, uchafu mzito utabaki nyuma, na chemba zitaanza kufurika bila hata mvua.

Kisha linganisha chemba ya mwisho na bomba la mamlaka ya maji linalopokea. Kama chemba ni 31.10 na bomba la mji ni 31.45, maji hayawezi kupanda sentimita 35 yenyewe. Ama viwango vibadilishwe, ama iwekwe pampu. Na pampu inataka jenereta, tangi la akiba umeme ukikatika, na mtu wa kuilipia kila mwezi. Hayo yote yaonekane kwenye ramani.

Hatua ya 6: Pasipo na bomba la mji

Sehemu kubwa ya Dar haina bomba la maji taka, hivyo utakutana na makaro na mashimo ya kunyonya. Dai matokeo ya kipimo cha unywaji wa udongo, na uulize kilifanyika mwezi gani. Kipimo cha Agosti hakisemi lolote kuhusu Aprili, masika yakiwa yamepandisha maji ya ardhini. Sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji hayo yanapofikia kilele, na visima viwe mbali. Mita 30 ni umbali unaotumika sana. Hakikisha gari la kunyonya linaweza kufika kwenye kila karo. Lisipofika, watu watatapisha vyoo siku ya mvua, na uchafu utashukia kwa jirani wa chini.

Hatua ya 7: Nani atasafisha?

Dai jina la taasisi au chama cha wakazi kitakachosafisha mitaro na chemba, na ratiba yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mjumbe wa kamati, Goba: Shikamoo Injinia. Mwenye mradi anasema mitaro imesanifiwa kwa mvua ya miaka 10, kwa hiyo tutafurika mara moja tu kila miaka 10. Tumkubalie?

Marahaba. Hapana. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja kati ya kumi ya kupata mvua hiyo au kubwa zaidi. Inaweza kuja miaka miwili mfululizo. Ndani ya miaka 10, uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 65. Muulizeni mvua ya miaka 25 na ya 50 itapita wapi.

Fundi bomba, Kimara: Kaka, kwa nini maji ya mapaa yasiingizwe kwenye bomba la maji taka? Si linakuwa tupu muda mwingi?

Fanya hesabu na mimi. Nyumba 120, watu 5 kila nyumba, lita 120 kwa mtu kwa siku, asilimia 80 inarudi kama maji taka: lita 57,600 kwa siku. Hata ukizidisha mara 4 kwa saa za msongamano, ni lita 2.7 kwa sekunde. Sasa paa moja la mita za mraba 100, kwenye mvua ya milimita 100 kwa saa, linatoa lita 2.8 kwa sekunde. Paa moja linashinda mtaa mzima! Ukiunganisha mapaa kumi, chemba za chini zitafumuka na kinyesi kitaingia ndani ya nyumba za watu. Kwenye ukaguzi, fuatilia kila bomba la paa linakoelekea.

Mama Asha, Mbezi: Matangi ya kuvuna maji ya mvua hayawezi kuchukua nafasi ya bwawa?

Yanasaidia, mama, hasa kwa matumizi ya nyumbani. Matangi 120 ya lita 5,000 ni mita za ujazo 600, si haba. Lakini katikati ya masika yanakuwa yameshajaa, na tangi lililojaa halipokei kitu. Usikubali yahesabiwe kama bwawa.

Mkazi, Tegeta: Mradi uko juu yetu na ukuta umeshaanza kuinuka. Tumechelewa?

Hamjachelewa, ila fanyeni wiki hii. Pigeni picha za njia ya maji ilivyo sasa, zioneshe tarehe. Andikeni barua kupitia serikali ya mtaa kwenda kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa NEMC (baraza la taifa la mazingira), na kwa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kama mtaro wa barabara unahusika. Msiandike "tunapinga mradi". Ombeni vitu vinavyopimika: matundu ukutani pale mkondo wa asili unapopita, hesabu za maji kabla na baada ya ujenzi, ukubwa wa bwawa, na mchoro wa mtaro mpaka unapoishia. Mwombeni pia ofisa mipango miji aje eneo la mradi mkiwepo, na kila mmoja awe na nakala yake ya ramani mkononi.