Taa ya oili inawaka, injini inagonga: pima Noah yako kabla hujaifungua

Toyota Noah za kati ya mwaka 1996 na 2001, zile zenye injini ya petroli ya 3S-FE, bado zinabeba abiria na mizigo mikoani kila siku. Ni injini ngumu, haifi kirahisi. Inayoiua mara nyingi ni haraka yetu. Taa ya oili inaanza kupepesa, mtu anamwaga oili nzito, taa inazima, gari linarudi barabarani, na baada ya muda konrodi, mkono unaobeba pistoni, inatoboa bloku, yaani mwili wa injini. Au injini nzima inashushwa na kununuliwa nyingine, kumbe iliyokufa ni swichi ya oili, kifaa kidogo kinachowasha taa hiyo. Katika visa vyote viwili hakuna aliyepima presha ya oili. Nitaeleza mpangilio ninaoufuata, nikitumia gari moja lililokuja kwangu kutoka Morogoro likiwa limevutwa. Mwenye gari alifanya jambo moja la maana sana: taa ilipowaka na mlio ukaanza, alizima injini palepale na hakujaribu "kufika tu mjini". Ndiyo maana krankishafti yake, shafti kuu inayozungushwa na konrodi, ilipona.

Hatua ya 1: Dipstiki

Gari liwe sehemu tambarare, injini izimwe dakika kumi ili oili ishuke yote kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini ya Noah imefichwa chini ya viti vya mbele, na wengi hawaiangalii mpaka kuwe na tatizo. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena.

Usiangalie kiwango tu. Paka tone kati ya vidole viwili ulisugue, kisha unuse. Ikinuka petroli na kuteleza kama maji, kuna nozeli (inayopulizia injini petroli) inayovujisha na oili imekuwa nyepesi. Hapo presha itashuka hata kama beringi za krankishafti ni nzima. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na usiendelee kuiwasha. Ikiwa imepungua tu, ongeza hadi alama ya juu, kisha tafuta ilikokwenda: inavuja chini, au inatoka na moshi wa bluu?

Hatua ya 2: Taa yenyewe

Washa funguo bila kupiga stata. Taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, usifurahi. Niliwahi kuletewa gari ambalo mnunuzi alisifiwa kwamba "halina taa hata moja". Nilifuata waya wa swichi ya oili nikaukuta umekatwa, ncha imekunjwa na kuzungushiwa tepu nyeusi kwa ustadi kabisa. Kijana wa watu alikuwa ameliendesha miezi miwili bila mlinzi. Kipimo hiki ni cha sekunde tatu, kifanye kabla ya kununua gari lolote.

Swichi ya oili ina waya mmoja. Uchomoe, ugusishe kwenye chuma cha injini huku funguo ikiwa imewashwa. Taa ikiwaka ukigusisha na kuzima ukiachia, waya na balbu ni vizuri.

Hatua ya 3: Geji

Hapa ndipo kazi ilipo. Fungua swichi ya oili, funga geji ya presha mahali pake. Geji yenye mrija mrefu ndiyo nzuri, uisome ukiwa mbali na belti na feni. Nyuzi za Toyota hapo ni za koni, za inchi moja ya nane, kwa hiyo tafuta adapta yake. Usilazimishe, kwenye bloku ukiharibu nyuzi umejiongezea kazi.

Pasha injini hadi joto la kawaida kabisa. Presha ya injini baridi inadanganya, kwa sababu oili bado ni nzito. Kwa 3S-FE ya moto, kiwango ni hiki:

- Sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta): 29 kPa au zaidi (kama bar 0.3).
- Mizunguko 3,000 kwa dakika: kati ya 245 na 490 kPa (kama bar 2.5 hadi 5).

Ikiwa geji inaonyesha presha nzuri na taa inawaka, badilisha swichi, kazi imekwisha. Nimeona injini zikishushwa kwa sababu ya kifaa hicho kidogo.

Ikiwa presha ni ndogo kwenye sailensi lakini inapanda vizuri ukipiga resi, fikiria beringi zilizolika au oili iliyokuwa nyepesi. Ikiwa ndogo kote, fikiria pampu, au vali ya kupunguzia presha iliyokwama wazi. Na ikiwa inapanda kidogo kisha inaporomoka unavyozidi kukanyaga, pampu inakosa oili ya kuvuta. Hapo mtuhumiwa ni strena, lile chujio la wavu lililo ndani ya sampu.

Gari la Morogoro lilisoma bar 0.1 kwenye sailensi. Nikapandisha resi, mshale ukafika 1.4, ukatetemeka, ukarudi chini ya 1. Nikazima haraka. Usiiache injini ikizunguka kwa presha hiyo kwa ajili ya kuthibitisha unachokijua tayari.

Hatua ya 4: Sikiliza kwa bisibisi

Fanya hatua hii kwa muda mfupi, na kama taa inawaka mfululizo, iruke. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Angalia nywele na nguo zisinaswe na belti.

Mlio wa juu, mwepesi, wa tiki-tiki, huwa ni tapeti, vipande vinavyosukuma vali. 3S-FE haina tapeti za kujirekebisha kwa oili. Hurekebishwa kwa shimu, yaani visahani vyembamba vya chuma, nafasi ikiwa mm 0.19 hadi 0.29 upande wa kuingiza hewa na 0.28 hadi 0.38 upande wa eksozi, injini ikiwa baridi. Lakini usikimbilie shimu: manifodi ya eksozi iliyopasuka au gasketi yake ikivuja hutoa mlio unaofanana kabisa, hasa asubuhi. Tafuta masizi meusi kwenye maungio.

Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaoongezeka ukipiga resi na kusikika wazi zaidi ukiachia mafuta ghafla, ni beringi za konrodi. Chomoa soketi ya umeme ya nozeli moja baada ya nyingine. Silinda ambayo mlio wake unapungua ukiinyima petroli, ndiyo yenye ugonjwa. Mafundi wengi huchomoa waya wa plagi. Mimi nimeacha, kwa kuwa unapigwa shoti na petroli mbichi inaingia kwenye eksozi.

Mlio unaosikika baridi na kupotea injini ikipata moto, mara nyingi ni pistoni iliyolegea kwenye silinda. Huo unaweza kuishi nao muda mrefu. Wa konrodi huwezi.

Hatua ya 5: Kata filta

Mwaga oili kwenye beseni safi, kisha kata ganda la filta ya zamani, tandaza karatasi yake juani. Vumbi jeusi ni la kawaida. Vipande vinavyometameta kama mizani ya dagaa si vya kawaida. Pitisha sumaku: vikinata ni chuma, visiponata, vina weupe wa fedha au wekundu wa shaba, ni beringi zinajimenya. Kwenye gari la Morogoro niliona mimeto michache tu. Nilipumua.

Hatua ya 6: Shusha sampu

Jeki peke yake haitoshi, weka stendi. Kwenye zile za 4WD, zinazovuta kwa magurudumu yote manne, kazi ni ndefu zaidi, jipe siku nzima.

Sampu iliposhuka nilimwita mwenye gari aje ajionee. Wavu wa strena ulikuwa umezibwa na nyuzi nyekundu, laini kama tambi: silikoni. Kuna aliyewahi kufunga sampu hiyo kwa silikoni nyingi, ikafinyangwa ndani, ikakatika, ikavutwa. Tope jeusi la oili iliyokaa mno likamalizia nafasi iliyobaki. Silikoni huwekwa uzi mwembamba, milimita tatu hadi tano, na mabaki ya zamani husafishwa yote. Ninawaomba mafundi wenzangu, tusione kwamba nyingi ndiyo salama.

Ukiwa hapo, angalia pampu. Kwenye injini hii inaendeshwa na belti ya taimingi (inayooanisha krankishafti na vali), kwa hiyo kuifikia ni lazima uvue belti. Nafasi kati ya meno ya rota (vipande vinavyozunguka ndani ya pampu), na kati ya rota na mwili wa pampu, isizidi mm 0.20. Vali ya presha ukiipaka oili ishuke yenyewe kwenye tundu lake kwa uzito wake tu, ikikwama, imechubuka. Kama belti ni ya siku nyingi, weka mpya sasa.

Hatua ya 7: Beringi

Fungua kifuniko cha konrodi kimoja kimoja, kiwekee alama, kisichanganywe na kingine wala kugeuzwa. Pitisha ukucha kwenye shingo ya krankishafti, sehemu laini inayokaa ndani ya beringi. Ukucha ukinasa, beringi mpya hazitasaidia. Krankishafti iende kuchongwa na beringi ziwe za saizi ya kuchongwa. Ikiwa laini, pima nafasi kwa uzi wa plastiki wa kupimia: ikizidi mm 0.08, badilisha.

Silinda ya pili ya gari hili ilikuwa na beringi iliyochubuka, shingo laini. Tulibadilisha zote nne, strena mpya, sampu ikaoshwa.

Kuwasha tena

Paka beringi oili unapofunga, jaza filta mpya oili kabla ya kuifunga. Chomoa soketi za nozeli zote, piga stata sekunde kumi kumi, ukipumzisha kati, mpaka geji isogee. Ndipo urudishe soketi na kuwasha. Baada ya injini kupata moto gari lilisoma bar 0.8 kwenye sailensi na 3.3 kwenye mizunguko 3,000, mlio umekwisha. Nilimwambia arudi baada ya kilomita 1,000 tumwage oili na kukata filta tena. Alirudi, tukaikata pamoja, karatasi ilikuwa safi.