Kujitolea ujuzi wa masoko kwa shirika dogo la kuokoa wanyama: anzia kwenye meseji, si kwenye bango

Shirika dogo la kuokoa wanyama huwa ni watu wachache, simu moja na mabanda yaliyojaa. Mtu wa masoko akijitokeza kusaidia, mara nyingi hukimbilia kubuni nembo mpya, kufungua akaunti nyingine na kupandisha idadi ya wafuasi. Hapo msaada unaanza kugeuka mzigo. Posti ya mbwa mzuri ikisambaa, meseji humiminika usiku kucha: wengi wanauliza "bado yupo?", wengine wanataka kuleta mbwa wao wenyewe, na anayetakiwa kuwajibu wote ndiye huyo huyo anayeosha mabanda alfajiri. Zikipita siku nne bila jibu, familia iliyofaa imeshapata mbwa kwingine, na shirika linabaki na sifa ya kutojibu watu. Kwa hiyo tengeneza kwanza kinachofuata baada ya tangazo, ndipo uje kwenye tangazo lenyewe.

Makubaliano ya ukurasa mmoja

Kaa na msimamizi saa moja, simu ikiwa mbali. Andikeni lengo moja, saa zako kwa wiki, muda wa kujitolea, na jina la mtu mmoja wa kuidhinisha posti. Saa tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, zikitimizwa kweli, zina faida kuliko ahadi ya "nitasaidia kila nikipata nafasi". Mwidhinishaji akiwa kamati ya watu watano, kila posti itakwama, nawe utachoka kabla ya mwezi kwisha.

Lengo liwe dogo na la wazi: paka wakubwa waliokaa muda mrefu wapate nyumba, au wapatikane walezi wa muda kumi, au waongezeke wachangiaji wa kila mwezi. Msichague yote matatu. Kama shirika halijui lichague lipi, sisi tungeanza na walezi wa muda, maana kila mlezi anayempokea mnyama nyumbani kwake anaacha nafasi bandani kwa mwingine. Na kazi hiyo ina saa yake. Paka jike hubeba mimba kama wiki tisa, na anaweza kushika mimba akiwa bado na miezi minne au mitano tu. Palipo na majira ya kuzaana, paka wachanga huja kwa mkupuo. Kampeni ya kutafuta walezi inafaa kuanza wiki sita hadi nane kabla ya mkupuo huo, ili watu wawe wamejaza fomu, wametembelewa na kufundishwa kabla ya boksi la kwanza kuletwa mlangoni.

Siku hiyo hiyo kagua umiliki wa akaunti. Kila kitu kisajiliwe kwa barua pepe ya shirika, kamwe si yako: tovuti, kurasa za mitandao, akaunti ya kubunia picha. Kuwe na wasimamizi wawili, uthibitisho wa hatua mbili, na tarehe ya kulipia jina la tovuti iandikwe mahali ambapo wawili hao wanaiona. Kurasa nyingi za mashirika madogo hupotea kwa sababu aliyezifungua alihama, nambari yake ya simu ikafa, na msimbo wa kuingilia bado unatumwa kwenye nambari hiyo.

Kupanga meseji

Omba kusoma meseji mia moja za mwisho. Chora jedwali na uzihesabu kwa aina: anayetaka kumchukua mnyama, anayetaka kumleta, aliyeokota, anayetaka kuchangia, anayetaka kujitolea. Baada ya saa mbili utajua maswali yanayojirudia. Andika majibu matano au sita na uyahifadhi kama majibu ya haraka. WhatsApp Business inayo sehemu hiyo, pamoja na lebo za kutenganisha mazungumzo. Jibu la kwanza kwa anayemtaka mnyama linaweza kuwa hivi:

"Asante kwa kumuulizia Kito. Bado yupo. Tafadhali jaza fomu hii fupi, inachukua dakika tano. Tunasoma fomu kila Jumanne na Ijumaa jioni, na kila mtu anajibiwa, hata kama jibu ni hapana."

Siku zilizotajwa ndizo zinazofanya kazi hapo. Mtu akijua atajibiwa Ijumaa hatarudia kuuliza mara nne, na mfanyakazi hatafungua simu kila baada ya dakika kumi. Lakini usitaje siku ambazo shirika haliwezi kuzitimiza.

Fomu ya kwanza isizidi maswali manane: nani anaishi nyumbani, kuna wanyama gani wengine, mwenye nyumba anaruhusu mifugo, mnyama atalala wapi, atabaki peke yake saa ngapi kwa siku, na mambo ya aina hiyo. Maswali marefu yahifadhiwe kwa simu au ziara. Fomu ya kurasa sita huwachosha hata watu wazuri wanaoijaza kwenye simu.

Picha

Hapa ndipo ujuzi wako utaonekana haraka kuliko popote. Huhitaji kamera ya gharama. Unahitaji mwanga, subira na msaidizi mmoja.

Mtoe mnyama nje ya vyuma. Picha iliyopigwa kupitia nondo humfanya aonekane mfungwa, na mtazamaji hupita. Tafuta kivuli chepesi nje, au karibu na dirisha kubwa. Usitumie flashi: nyuma ya jicho la mbwa na paka kuna tabaka linaloakisi mwanga, kwa hiyo macho hutoka ya kijani au ya njano yanayowaka, na mnyama mpole anaonekana wa kutisha. Shuka mpaka kamera iwe usawa wa macho yake, hata ikibidi ulale kifudifudi. Msaidizi asimame nyuma yako, atoe sauti ndogo mara moja tu mnyama ageuke. Akiirudia mno, mnyama huizoea au huogopa. Piga mfululizo, kisha chagua picha ambayo macho yana nukta ya mwanga na masikio hayajalala nyuma.

Wanyama weusi wanahitaji uangalizi wa pekee. Mbele ya ukuta mweupe au anga wanageuka doa jeusi lisilo na uso. Waweke mbele ya majani au ukuta wa rangi ya wastani, mwanga uje kutoka ubavuni, gusa uso wao kwenye skrini ya simu kisha pandisha mwanga taratibu mpaka nyuzi za manyoya na duara la jicho vionekane. Dakika mbili za kazi hiyo zina thamani kubwa kwa mnyama ambaye watu wamekuwa wakimpita.

Kila mnyama apate picha tatu: uso, mwili mzima kwa ubavu, na moja akiwa karibu na mtu ili ukubwa wake ueleweke. Ongeza video ya sekunde 15 hadi 30 akitembea au akicheza. Kwa Instagram, picha ya wima ya pikseli 1080 kwa 1350 hujaza nafasi vizuri. Kwa stori tumia 1080 kwa 1920. Mnyama aliyeletwa leo aachwe kwanza. Akipigwa picha kabla hajatulia, hofu yake ndiyo itakayomtambulisha kwa watu.

Maneno yaliyo chini ya picha

Masimulizi ya mateso huleta machozi na pesa, lakini hayaleti nyumba kwa kiasi hicho hicho. Anayetafuta mnyama wa kuishi naye anataka kujua kesho itakuwaje nyumbani kwake. Linganisha "Maskini huyu ameteseka sana, tafadhali mwokoeni!" na maelezo haya:

"Kito, dume, takriban miaka 4, kilo 18. Amehasiwa, amechanjwa. Anatembea na kamba bila kuvuta. Anaishi vizuri na mbwa wa kike. Na paka hajajaribiwa. Radi ikipiga hujificha chini ya meza, akiwa na mtu karibu hutulia. Anafaa nyumba ambayo mtu huwepo mchana."

La radi lisifichwe. Mnyama aliyesifiwa kupita ukweli hurudishwa, na kila kurudishwa kunamsumbua yeye na kuwavunja moyo walezi. Yasiyojulikana yaandikwe hivyo hivyo, kama hilo la paka. Taarifa zitoke kwa anayemlisha kila siku, nawe kazi yako ni kuzipanga. Usibuni tabia ili sentensi ipendeze.

Kuomba pesa

Ombi liwe na kitu, kiasi na tarehe: gharama ya kuhasi paka kumi, kwa bei ambayo daktari wa mifugo ameiandika, kabla ya mwisho wa mwezi. Mkichangisha kwa ajili ya mnyama mmoja aliyeumia, sentensi hii isikose: "Pesa zikizidi, zitatumika kuwatibu wanyama wengine walio chini yetu." Bila hiyo, mnyama akifa au matibabu yakigharimu kidogo, shirika linashika pesa lisilo na ruhusa ya kuzitumia kwingine, na wachangiaji wana haki ya kuhoji. Kisha toa mrejesho ndani ya wiki mbili, na picha ya risiti ikiwezekana. Wanaorudi kuchanga mara ya pili ni wale walioona ya kwanza imekwenda wapi.

Google Ad Grants huyapa mashirika yaliyokidhi masharti matangazo ya utafutaji ya hadi dola 10,000 za Marekani kwa mwezi, bila malipo. Ila yanahitaji tovuti nzuri ya shirika, uangalizi wa mara kwa mara, na angalau asilimia 5 ya wanaoyaona wawe wanayabofya. Usiombe kabla fomu na majibu hayajakaa sawa.

Yasiyopaswa kuchapishwa

Anwani kamili ya mabanda isiwekwe hadharani bila kuuliza. Watu hutupa wanyama getini usiku. Ondoa taarifa za mahali kwenye picha, hasa zilizopigwa nyumbani kwa walezi. Kesi ya ukatili iliyo mikononi mwa polisi isiandikwe mpaka shirika liruhusiwe. Marketplace ya Facebook iepukwe: kanuni zake zinakataza kuuza wanyama, na ada ya kumchukua mnyama huonekana kama bei, hivyo tangazo hufutwa. Weka jina la shirika katikati ya picha kwa wino hafifu, si pembeni, kwani matapeli huikata pembe na kuanza kuchangisha kwa picha hiyo hiyo.

Kupima na kukabidhi

Sahau idadi ya waliopenda. Fungua jedwali lenye jina la mnyama, tarehe ya kuingia, tarehe ya posti ya kwanza, fomu zilizokamilika, chanzo cha fomu na tarehe ya kuondoka. Swali "ulituona wapi?" kwenye fomu linatosha kujaza chanzo. Posti ikipendwa sana bila kuleta fomu hata moja, tazama kama kiungo kinafunguka kwenye simu kabla ya kulaumu picha. Fomu zikija nyingi lakini wanyama hawaondoki, tatizo liko kwenye kujibu au ziara, na posti zaidi zitaliongeza. Pumzisha matangazo, saidia kupiga simu.

Wiki mbili kabla ya muda wako kwisha, mpe atakayekupokea folda ya picha, majibu ya haraka na hilo jedwali, kisha mwache apange posti za wiki moja wewe ukitazama tu. Jiondoe kwenye usimamizi wa akaunti yeye akiwapo. Mwonyeshe pia jinsi ya kushughulikia posti za wanyama waliokwisha kupata nyumba: zisifutwe, bali neno "AMEPATA NYUMBA" liwekwe mstari wa kwanza pamoja na kiungo cha wanaosubiri, kwa kuwa posti ya zamani inaweza kuendelea kusambazwa miezi mingi baada ya mbwa kuondoka.