Namna ya kuipanga siku ya kazi ya mbunifu wa tovuti

Kazi ya kubuni tovuti ina wezi wawili wa muda: ujumbe wa wateja na rangi. Ujumbe hukukatiza kila unapoanza kuuelewa ukurasa. Rangi hukushawishi upambe kitu ambacho bado hakijasimama. Ratiba hii imepangwa ili wezi hao wachelewe kuingia. Inamfaa zaidi anayefanya kazi peke yake, maana kwenye timu kuna vikao usivyoweza kuvisogeza.

Hatua ya 1: Zikague tovuti zilizo hewani

Kabla ya kugusa barua pepe, fungua tovuti unazozihudumia kwa simu, tena kwa data ya simu badala ya Wi-Fi. Tumia dirisha la faragha la kivinjari ili usioneshwe nakala ya zamani iliyohifadhiwa. Jaza fomu ya mawasiliano na uhakikishe ujumbe umefika. Fomu hufa kimyakimya, na mwenye tovuti huenda akadhani tu kwamba wateja wamepungua. Angalia pia tarehe ya mwisho ya cheti cha usalama, kile kinachoipa anwani herufi za https.

Hatua ya 2: Soma ujumbe, usiujibu wote

Jibu la dharura tu, mengine yaandike. Lakini usiliandike ombi kama lilivyokuja. "Ukurasa wa mwanzo hauvutii" si kazi, ni lalamiko. Muulize mteja: mgeni akifika hapo anatakiwa afanye nini, na anakwama wapi? Mara nyingi utakuta mvuto hauhusiki kabisa. Kitufe cha kuagiza kimezama chini ya picha kubwa inayojaza skrini nzima. Hiyo sasa ni kazi. Chagua moja kubwa ya siku, kisha zima arifa.

Hatua ya 3: Maneno halisi, skrini ndogo

Hapa ndipo akili iliyopumzika inapohitajika. Andika maandishi yote ya ukurasa kwenye faili tupu, kwa mpangilio ambao mgeni atayasoma. Ukurasa usioeleweka ukiwa maandishi matupu hauokolewi na fonti yoyote. Yaepuke yale maandishi ya kujazia ya Kilatini, kwa sababu hukaa vizuri kila mahali na kukudanganya. Maudhui halisi hayana adabu hiyo: kichwa cha habari kina maneno kumi na mawili, bidhaa moja haina picha, jina la mkurugenzi linashuka mstari wa pili. Ni heri uyaone hayo sasa kuliko baada ya mteja kuukubali mchoro.

Halafu fungua zana za wasanidi kwenye kivinjari (kwa Windows, bonyeza F12), punguza upana hadi pikseli 320 na upange kila kitu kwa safu moja. Kikikaa sawa, panua taratibu. Pale mistari inapokuwa mirefu mno kusomeka, au nafasi tupu inapoanza kuchekesha, ndipo ubadilishe mpangilio. Usichague vipimo kwa kufuata modeli za simu, kwani kila mwaka zinakuja nyingine. Mbinu ya ukurasa mmoja unaojirekebisha kwa skrini yoyote, ambayo mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte aliieleza mwaka 2010, hufanya kazi vizuri maudhui yenyewe yanapoamua wapi pa kuvunjia.

Kwenye HTML, msimbo unaoujenga ukurasa, kitufe kiwe `button`, si `div` (kisanduku kisicho na kazi maalumu) iliyopakwa rangi. Ukurasa wa Kiswahili uandikie `lang="sw"`, ili programu zinazowasomea wasioona zijue ni lugha gani.

Hatua ya 4: Sasa rangi na picha

WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumiwe na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, katika kiwango cha AA, unataka tofauti kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1; maandishi makubwa, 3 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, fasheni isiyotaka kufa, mara nyingi hakifiki hapo. Picha zipunguze vipimo kabla ya kuzipakia, zihifadhi kwa WebP (aina ya faili ya picha iliyo nyepesi), na utaje upana na urefu wake kwenye msimbo ili maandishi yasiruke picha inapofika. Herufi ndani ya fomu zisiwe chini ya pikseli 16, la sivyo Safari ya iPhone huukuza ukurasa mtu anapogusa kisanduku.

Hatua ya 5: Jaribu kwa ukali

Weka kipanya kando, tembea ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab. Ukipotea hujui uko wapi, umeondoa alama inayoonesha kitufe au kiungo ulichofikia, irudishe. Kisha punguza kasi ya mtandao kwenye zana zilezile za wasanidi na upime kwa Lighthouse, kipimo cha Google kinachoupa ukurasa alama hadi 100. Kwa vipimo vya Google, kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na alama ya kurukaruka kwa ukurasa isizidi 0.1. Alama 100 isikulevye. Mashine haijui kama maelezo ya picha uliyoandika yana maana.

Hatua ya 6: Pakia mapema, jibu baadaye

Hifadhi mabadiliko kwenye Git, programu inayotunza historia ya faili zako, kwa maelezo yanayoeleweka, chukua nakala rudufu ya faili pamoja na hifadhidata, kisha pakia ukiwa bado na saa kadhaa za kazi mbele yako. Kupakia dakika ya mwisho Ijumaa ni kujitafutia balaa.

Sasa fungua ujumbe. Mteja mtumie kiungo afungue kwa simu yake, si picha ya skrini, na umuulize jambo mahususi: bei hizi ndizo? namba hii bado inapatikana? Andika pia muda uliotumia kwa kila mteja siku hiyohiyo. Ukingoja mwisho wa mwezi utakisia, na atakayepunjwa ni wewe.