Sehemu ya mwisho ya tamthilia: namna ya kuitazama na marafiki bila kuharibikiwa

Kinachoharibu usiku wa sehemu ya mwisho mara chache huwa chakula. Saa mmekosea, bando limekata, mmoja bado yuko sehemu ya tano, mwingine ameshasoma mtandaoni nani anakufa. Yote hayo hurekebishwa kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo anzeni wiki moja mapema.

Saa kwanza. Tamthilia za Marekani hutangazwa kwa tarehe ya kwao, na hapo ndipo watu wa huku hupotea. Sehemu ya mwisho ya Stranger Things ilitangazwa kuwa ya tarehe 31 Desemba 2025, saa 11 jioni ya Los Angeles. Kwa Nairobi na Dar es Salaam hiyo ilikuwa saa 10 alfajiri ya tarehe 1 Januari 2026. Game of Thrones nayo ilimalizika Jumapili usiku, tarehe 19 Mei 2019, na huku ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, siku ya kazi. Hesabu yake ni nyepesi: kwa saa za New York ongeza 7 wakati wa kiangazi chao (Machi hadi mwanzoni mwa Novemba), au 8 wakati wa baridi. Kwa Los Angeles ongeza 10 au 11. Tamthilia nyingi za Netflix huwekwa saa 6 usiku ya Los Angeles, yaani saa 4 au saa 5 asubuhi yetu.

Mkishajua saa, amueni: alfajiri au jioni? Alfajiri ina raha yake, lakini wageni walale hapo hapo. Kumtoa mtu nyumbani saa 9 usiku kwa bodaboda si ukarimu. Mkichagua jioni, mnajipa kibarua cha kukwepa habari za mwisho wake mchana kutwa. Kwenye X zuieni maneno kwa kuandika jina la tamthilia na majina ya wahusika wakuu. YouTube msiifungue kabisa, kwa sababu picha ya video peke yake inaweza kuwaambia kila kitu. Mbaya kuliko zote ni status ya WhatsApp: yule binamu mwenye intaneti ya kasi ataweka picha ya kaburi na kikatuni kinacholia. Mnyamazisheni asubuhi hiyo, mtapatana baadaye. Na atakayeshindwa kuvumilia akatazama peke yake, akae kimya au asije.

Mwalikeni aliyefika mlipofika. Sehemu 8 za dakika 50 ni saa 6 na dakika 40, kwa hiyo aliyebaki nyuma anaweza kuzimaliza kwa jioni tatu akiambiwa mapema. Akija bila kuzitazama atauliza "huyu ni nani?" kila dakika, na wote mtaumia. Watu 6 hadi 8 wanatosha kwa sebule ya kawaida.

Sasa mitambo. Kwa mtandaoni, Netflix hushauri kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p (yaani HD kamili), na picha safi ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Sehemu ya saa mbili inataka GB 6, kwa hiyo nunueni bando la GB 8 mwe na akiba, na simu inayogawa intaneti isitumike kwa jambo lingine lolote. Ikiwezekana, ipakueni kabla ya wageni kufika. Msibonyeze dakika ile ile inapotoka: Novemba 2025, msimu wa mwisho wa Stranger Things ulipoanza, Netflix yenyewe iliyumba kwa dakika kadhaa kwa wingi wa watu. Subirini robo saa.

Kuunganisha simu na runinga kwa waya wa HDMI huwaangusha wengi. Simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kupitia tundu la chaji, hata ukinunua kiunganishi cha bei gani. Laptopu ni salama zaidi. Jaribuni siku moja kabla kwa sehemu ya zamani ya tamthilia hiyo hiyo, maana kuna programu zinazocheza matangazo vizuri halafu zikaweka giza kwenye filamu yenyewe.

Kwa king'amuzi, lipieni kifurushi jana yake na mkiache kimewaka baada ya kulipa, kwa sababu ruhusa hutumwa hewani na kilichozimwa hakiipokei. Kwenye DStv, kioo kikionyesha E16 maana yake chaneli imefungwa, mara nyingi kwa malipo, na E48 maana yake mawimbi hayafiki. Mvua kubwa hukata mawimbi ya dishi na hakuna dawa ila kungoja, basi msimu wa masika jueni mapema saa ya marudio.

Umeme ukikatika? Runinga ya LED ya inchi 43, king'amuzi na ruta kwa pamoja hula takriban wati 120. Betri ya volti 12 ya Ah 100 (ampea-saa, yaani ujazo wake) ikitumika nusu tu, isije ikafa mapema, inabeba hayo kama saa 4. Kifaa kidogo cha UPS cha kompyuta (betri ya dharura) kitawapa dakika chache, pengine kwenye mapambano ya mwisho kabisa.

Inchi 43 inataka mkae mita 1.6 hadi 2.7 kutoka kwenye kioo. Inchi 32, mita 1.2 hadi 2. Wafupi na watoto wakae kwenye mkeka mbele. Anayebanwa pembeni kabisa huona rangi zimepauka, kwa hiyo pale wekeni chakula badala ya mtu. Sabufa iungwe kwa waya. Kwa Bluetooth sauti inaweza kuchelewa, mdomo ukafunga kabla neno halijasikika, na ukishaligundua hilo huwezi tena kutazama kitu kingine.

Chakula kizito, kama pilau, kiliwe kabla. Wakati wa kutazama, vitu vya kushika kwa mkono mmoja: sambusa tatu kwa kila mtu, kachori, karanga zilizomenywa. Bisi: vijiko 3 vya mafuta, punje 3 kwanza, zikipasuka mimina punje nusu kikombe. Hiyo hujaza sufuria ya lita 3 na zaidi. Kwa watu 8 pikeni mara mbili. Acheni upenyo kwenye kifuniko, mvuke ukinaswa bisi huwa kama mpira. Crisps zimiminwe bakulini kabla; mlio wa pakiti kwenye tukio la kuaga ni dhambi. Mihogo ya kukaanga ikipoa hukakamaa, iachieni siku nyingine.

Rimoti ashike mtu mmoja, asiye mwoga wa kukataa. Kama sehemu inazidi saa moja na nusu, tangazeni mapema kwamba mtasimama mara moja katikati kwa ajili ya choo. Simu ziwekwe kifudifudi. Maandishi ya chini yawekwe kabla ya kuanza, na mkubaliane kama ni sauti ya asili au iliyotafsiriwa.

Mwisho wenyewe una mtego. Majina yakianza kupanda, Netflix hupunguza picha na kuleta tangazo la tamthilia nyingine, na muziki wa mwisho unakatwa. Mwenye rimoti abonyeze mara moja kuirudisha picha kubwa. Taa zisiwashwe bado.