Kukatia bima jumuiya: anzeni na watu, gari baadaye

Jumuiya nyingi hapa Pemba ukiziuliza habari ya bima, watakuonesha stika ya gari. Stika hiyo ipo kwa sababu bila yake trafiki hawakupitishi. Vijana wanaopanda hilo gari kwenda vijijini, mtoto aliyeletwa kituoni na mama yake, kompyuta za ofisini, pesa za semina ndani ya mkoba wa mtu, vyote hivyo havina bima.

Mimi ni mshika fedha wa jumuiya ndogo wilaya ya Mkoani. Kazi yetu ni watoto wenye ulemavu. Vijana wa kujitolea wanawafuata majumbani kuwafanyisha mazoezi, na mwisho wa mwezi tunawakusanya wazazi. Shughuli za bima ziliniangukia mimi kwa kuwa hakuna mwengine aliyezitaka, na haya ndiyo ninayowaambia washika fedha wenzangu wakiniuliza.

Kabla hujenda kwa wakala, chukua karatasi uandike siku moja ya kazi yenu tangu asubuhi. Nani anatoka, anapanda nini, anabeba nini, anamshika nani, anarudi saa ngapi. Andika kama ilivyo, usiandike kama ilivyo kwenye ripoti ya mfadhili. Karatasi yetu ilisema hivi: kijana anapanda honda (pikipiki) ya mwenziwe mpaka Chokocho, anavuka kwa boti kwenda Kisiwa Panza, anamnyoosha miguu mtoto asiyeweza kukaa, anarudi maji yakiruhusu. Mistari minne tu, na kila mmoja una hatari yake na aina yake ya bima.

Karatasi hiyo ina kazi kubwa kwa sababu bima inasimama juu ya kuambiana ukweli. Usilolisema, hata kama hukukusudia kulificha, linaweza kuwa sababu ya kampuni kukataa kulipa. Kwenye fomu ya maombi pana nafasi ya kuandika shughuli zenu. Wakala akiwa na haraka atakuandikia "ofisi", maana ofisi ni rahisi na ada yake ndogo. Usikubali. Mwambie aandike kutembelea majumbani, mazoezi ya viungo, safari za honda na za boti, na kama nafasi haitoshi aambatanishe karatasi yako. Kisha ubaki na nakala yenye muhuri wao.

Sasa watu. Jumuiya nyingi zinadhani wanaojitolea wamo humo humo pamoja na waajiriwa. Fungua ukurasa wa maana ya maneno katika mkataba, utafute "mtumishi". Mara nyingi utakuta ni mtu mwenye mkataba wa kazi anayelipwa mshahara. Kijana wako anapewa posho ya nauli, kwa hiyo hayumo. Na asikudanganye mtu kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi utamlipa: mfuko huo (WCF) ni wa Tanzania Bara, kwetu Zanzibar fidia ya mfanyakazi ina sheria yake, nayo pia imekusudia mwajiriwa.

Kinachowafaa ni bima ya ajali ya kikundi. Inalipa kiasi mlichokubaliana mtu akifa kwa ajali au akipata ulemavu wa kudumu, na mkitaka mnaongeza gharama za matibabu. Uliza mambo matatu kabla ya kuuliza bei. Je, naweza kukata kwa idadi badala ya majina? Vijana wetu wanakuja na kuondoka, msimu wa karafuu nusu yao wako juu ya mikarafuu, na orodha ya majina ya Januari haina maana ikifika Juni. Je, umri unaanzia wapi na kuishia wapi? Tunao bibi wanaojitolea kupika siku za mikutano, na wao wanaungua kama watu wengine. La tatu, honda na bahari. Mikataba mingi inaiweka honda kando mpaka uiombe kwa maandishi na uiongezee ada. Kwa boti wataka kujua ina leseni au haina, abiria wangapi, majaketi yapo? Hapa Pemba hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini unaulizia bahari. Meli ya Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikija huku kwetu.

Baada ya watu wenu, watu wa wengine. Mtoto ameteleza kituoni, au kijana amemnyoosha mguu akauvunja. Bima inayohusika hapa ni ya dhima kwa umma, nayo inalipa pale jumuiya inapodaiwa kwa kosa lake. Uliza kama kumgusa mtoto kwa mazoezi kumo, kwani baadhi ya mikataba inaihesabu hiyo kuwa ni tiba na kuiondoa. Wengi wetu tutasema ni kadari, na kadari ni kweli, lakini mtoto akipelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja pana nauli ya boti, dawa, na mtu wa kukaa naye Unguja. Likitokea, nendeni mkampe pole mzazi siku hiyo hiyo. Msiandike barua ya kukubali kosa wala kuahidi pesa kabla hamjaiarifu kampuni, maana ahadi hiyo mnaweza kuachiwa wenyewe.

Wageni wanaokuja kujitolea kutoka nje ya nchi wana habari yao. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analazimika kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama anayo ya kwao. Bima hiyo ni yake yeye. Akimgonga mtu na gari lenu, haiwasaidii nyinyi.

Mali. Kama ofisi yenu imo katika nyumba ya wakfu au ya kukodi, nyumba si yenu kuikatia bima kama mwenye mali, kateni vilivyomo ndani. Na msipunguze thamani ili ada iwe ndogo. Vitu vya milioni 10 mkivikatia bima ya milioni 5, vikaungua vya milioni 2, kampuni inaweza kukulipeni milioni 1 tu, kwa hesabu kwamba nusu mliamua kuibeba wenyewe. Kompyuta ziulizie peke yake. Bima ya moto kwa kawaida haihusiki na mashine iliyokufa kwa umeme kupanda na kushuka, na umeme wetu unaokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kila mtu anaujua. Pesa taslimu nazo zina bima yake, ya njiani na ya sandukuni. Akiiba mtu wenu wa ndani, hiyo ni nyengine tena, ya uaminifu wa watumishi, na hapo pia ulizia kama mweka hazina asiyelipwa anahesabiwa.

Gari ni fupi. Bima ndogo inamlipa mliyemuumiza, na hiyo ndiyo ya lazima kisheria. Bima kubwa inagusa na gari lenu. Hakikisha stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari. Kama honda ya jumuiya kadi yake ina jina la mwenyekiti, ibadilisheni kwanza, isije siku ya dai ikawa mali ya warithi wake.

Kikaoni kwetu Maalim, mwenyekiti, aliniuliza, "Binti yangu, hii si kamari?" Nikamwambia, "Maalim, ndiyo maana nimeleta karatasi mbili, ya kawaida na ya takaful." Katika takaful, yaani bima ya kufuata sharia ya Kiislamu, mchango unaingia mfuko wa washiriki, anayefikwa analipwa kutoka humo, na kampuni inachukua ujira wa kuuendesha. Shirika la Bima la Zanzibar wanayo. Lakini takaful nayo ina masharti na mambo iliyoyaondoa, isomeni kwa jicho lile lile. Maalim aliisoma mpaka ukurasa wa mwisho, jambo ambalo kwa karatasi ya kawaida hakuna aliyewahi kulifanya.

Mkataba utoke kwa jina lile lile lililo kwenye cheti cha Mrajis aliyeisajili jumuiya, herufi kwa herufi. Ada ilipwe kwenye akaunti ya kampuni, si mkononi mwa wakala, tena kabla ya kuanza, kwa sababu bila ya ada hakuna bima. Mkiandika maombi kwa mfadhili wekeni mstari wa bima tangu mwanzo. Wengi wanaulipa bila maneno, ila mradi ukishaanza ni vigumu kuuingiza.

Siku ya tukio, simu kwa kampuni kwanza, kisha barua, kwa kuwa mkataba una siku zake za kutoa taarifa. Aliyeumia apate fomu ya PF3 polisi. Pigeni picha, msitengeneze wala msitupe kitu mpaka mkaguzi apite. Dai likikataliwa, takeni sababu kwa maandishi na kifungu walichokitumia. Kama hamkuridhika, pelekeni kwa TIRA au Ofisi ya Usuluhishi wa Migogoro ya Bima, mkiambatanisha ile nakala ya fomu yenye muhuri.