Somo: akriliki (ile rangi ya kuchorea inayolainishwa kwa maji), ya kuchanganya ama ya kununua tayari? (na maswali yenu)

Wiki nzima naulizwa swali hilohilo, eti ile feruzi ya bahari ya Shela kwenye picha zangu naipata duka gani. Haiko dukani jamani, nachanganya mwenyewe, leo nawaonyesha, lakini pia nitawaambia zile zilonishinda nikatoa pesa.

HATUA YA 1, tyubu. Hapa Lamu rangi za kuchorea si nyingi, mie huagiza Mombasa, zije na basi mpaka Mokowe kisha boti, kwa hivo kila tyubu lazima ifanye kazi. Chukua nyeupe kubwa (ndo huisha mbele ya zote), manjano, nyekundu, kahawia na buluu MBILI. Kuna ultramarini, hio imeegemea zambarau, na kuna thalo, hio imeegemea kijani, sasa ukitaka bahari shika thalo, ukitaka wingu la magharibi shika ultramarini. Halafu geuza tyubu usome yale maandishi madogo, utaona kitu kama PB29, hio ndo ultramarini, ama PW6, nyeupe ya titani. Ikiwa namba hizo ni moja tu rangi ni safi. Ukiona namba tatu ujue kiwandani washakuchanganyia, nawe ukitia zako mbili juu yake unapata tope la mikokoni.

HATUA YA 2, kuchanganya. Nyeupe kwanza kwenye sahani, kijiko cha chai. Thalo uichukue kwa ncha ya kisu, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, sitanii, ile rangi ni kali kama pilipili. Koroga mpaka mistari iishe, kisha gusa manjano kidogo sana, na hapo utaiona buluu inageuka mbele ya macho yako, ile ya maji machache juu ya mchanga. Ukitaka mkondo wa kati kuelekea kisiwa cha Manda zidisha thalo na nukta ya kahawia. Usianze na buluu ukaifukuza na nyeupe! Nilifanya hivo siku za mwanzo, nikamaliza nyeupe yote na rangi bado imekoza, nikabaki na sahani ya kutosha kupaka mlango mzima.

HATUA YA 3, hapa ndo wengi wanapotelea. Akriliki ikiwa mbichi ile gundi yake ina weupe kama maziwa, ikikauka inakuwa kama kioo, basi rangi inakolea kuliko ulivyoiona sahanini. Nilipaka anga la jahazi nusu jioni, nusu ya pili asubuhi nikachanganya upya nikailinganisha na ile kavu, nikaona sawasawa kabisa, ilipokauka ukatokea mstari katikati ya anga kama ukuta uliopakwa chokaa na mafundi wawili. Mteja akauliza kama ile ni mvua. Kwa hivo paka alama kwenye karatasi, ngoja ikauke, NDO ulinganishe.

HATUA YA 4. Changanya nyingi kuliko unavyodhani, tia kwenye kikopo chenye kifuniko cha kubana, na uandike kipimo kwenye daftari. Kaskazi ikivuma rangi ya sahanini hukauka hata hujamaliza chai, nyunyiza maji kidogo.

Sasa za kununua. Majenta nunua, usijisumbue, ile pinki ya bogenvilia huipati kwa nyekundu na nyeupe, utapata pinki iliyoegemea chungwa tu. Na kazi ya mabango, pale mwenye duka atarudi baada ya miezi sita akitaka herufi zile zile zirekebishwe, nunua kopo la tayari, kwani fundi mwingine pia ataipata. Lakini kijani cha tayari? Mie sitaki, kinawaka kama plastiki, na mkoko wetu hauko hivo. Ultramarini na manjano hukupa kijani kilichofifia vizuri tu.

MASWALI

Swali: Kaka, nyeusi mbona hukuitaja?
Jibu: Sinunui. Ultramarini na kahawia iliyokoza nusu kwa nusu, unapata giza lenye uhai, kivuli cha kichochoro kinakuwa kivuli, hakionekani shimo. Na usitie nyeusi kwenye manjano kuifanya iwe ya giza, itageuka kijani.

Swali: Mwalimu niko Malindi, naweza kutumia rangi ya maji ya ukutani badala ya nyeupe ya tyubu? Ni rahisi sana.
Jibu: Kwa kupaka tabaka la kwanza kwenye kanvasi sawa, wengi twafanya. Kuchanganya hapana dada, ina vumbivumbi la chaki, rangi zako zote zitapauka.

Swali: Na ukuta wa chokaa wa mji wa kale, ule mkongwe?
Jibu: Nyeupe, manjano ya udongo kidogo, na tone la ultramarini ili kupooza. Chini karibu na ardhi ongeza kahawia, kule ambako unyevu hupanda na punda hujisugua.

Swali: Shehe nataka kupaka macho ya mashua ya baba, akriliki itafaa?
Jibu: Ya kuelea baharini hapana, tumia rangi ya mafuta ya mashua. Na ukishapaka ya mafuta usirudie juu yake kwa akriliki, itabanduka. Ikiwa ni ile mashua ndogo ya kuwekwa sebuleni, paka bila wasiwasi.