Usifungue faili moja moja

Wewe unayefungua faili za mvua za Tukuyu, Makete na Mufindi moja moja, unatafuta wastani, unanakili, unafunga, pole sana. Kwenye R, programu ya kuchakata takwimu, ziweke zote za CSV (faili za jedwali la maandishi) folda moja, list.files() itakupa majina, lapply() itapitisha kila faili kwenye hesabu ileile. Ndani ya list.files() usisahau full.names = TRUE, inayoongeza njia ya folda kwenye kila jina, la sivyo utaambiwa faili haipo na wewe unaiona hapo kwenye folda! Anza na faili moja, hesabu ikikubali ndipo uachie zote. Kagua pia vichwa vya safu. Kwangu kimoja kiliandikwa "Mvua", kingine "mvua", na kwa R hayo ni majina mawili. Jioni nzima ilipotea, tena kwa baridi ya Julai.